Masiku ya Barabara ya Mwenga

Mwaka 1976 Polycarpe alikuwa karibu kuutupa utafiti wake. Miaka miwili mizima huyu mwanauchumi kijana wa Bukavu alikuwa akihangaika na swali moja: kwa nini maharagwe ya Nyangezi yanavuka mto Ruzizi kwenda kuuzwa Rwanda, wakati huko Mwenga wachimba dhahabu wanayalilia na kuyanunua kwa bei nzuri zaidi? Alipima kilometa, akapiga hesabu, akarudia. Kila mara hesabu ilimwambia maharagwe yaende Mwenga. Nayo hayakwenda.

Siku moja akamuuliza Maman Emérence, muuza maharagwe wa soko la Kadutu.

"Kilometa haiko inaniambia kitu, Papa," alijibu mama huyo huku akipepeta. "Uniulize masiku. Mwaka nilizaa Virginie, mwezi wa ine, tulilala mu njia ya Mwenga siku kumi na moja. Lori ilizama mu matope. Maharagwe ikaota ndani ya magunia, ikatoa majani kabisa!"

Polycarpe akaketi juu ya gunia, na hakuondoka hadi soko lilipofungwa. Alirudi kesho yake, na juma lililofuata. Mama alikuwa akikumbuka safari zake zote za miaka kumi na minne: hii kwa mtoto aliyezaliwa, ile kwa msiba wa shemeji, nyingine kwa daraja lililosombwa na maji. Polycarpe akaziandika zote.

Profesa wake alizisukuma zile karatasi kando. "Kumbukumbu ya muuza maharagwe si takwimu."

Maneno hayo yalimchoma. Alipanda gari la kwenda Lwiro, kwenye kituo cha utafiti, ambako mzee Adalbert alikuwa akipima mvua kila asubuhi. Mzee akamfungulia madaftari yake. Aprili ya mwaka aliozaliwa Virginie, mvua ilinyesha siku ishirini na sita. Polycarpe akafungua mwaka wa msiba, kisha mwaka wa daraja. Kila safari iliyomchelewesha mama iliangukia kwenye mvua kubwa. Alishika kichwa, akacheka peke yake kama mwehu.

Alipoweka siku mahali pa kilometa, hesabu zikanyooka. Rwanda ilikuwa safari ya asubuhi moja. Mwenga hakuna aliyejua atafika lini.

Siku ya kutetea kazi yake, Maman Emérence alikaa mstari wa mbele na kitenge kipya. Polycarpe alimshukuru kwa jina kabla ya kumtaja profesa yeyote.

Nje, mama alimshika mikono yote miwili.

"Sasa barabara watatengeneza?"

"Sijui, Maman. Siwezi kukudanganya."

Mama hakumwachia mikono.

"Aksanti hata vile, mutoto yangu. Ile masiku yote nilikuwa nafikiri ilipotea bure."