Nyani Sita wa Mwanahawa

Mwanahawa wa Mtunda alikwenda Kibiti kununua chumvi na dawa ya kuku. Habari za picha hakuwa nazo. Lakini jua lilikuwa kali, na kwenye ukumbi ulio jirani na soko kipaza sauti kilikuwa kinakaribisha watu: picha zinauzwa ili ijengwe nyumba ya wajawazito wanaosubiri kujifungua, kutazama ni bure. Mlangoni akaona feni. Akaingia.

Alipita mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Mbele ya picha ya kiboko akasimama.

"Huyu miguu yake ya ng'ombe," akasema kwa sauti.

Wageni wawili kutoka Dar es Salaam wakacheka, wakaanza kumfuata. Kwenye picha ya mwanamke anayetwanga akauliza, "Anatwanga na hereni za harusi? Labda mama mkwe yuko karibu." Kufika ukuta wa tatu alikuwa na msafara wa watu kumi na wawili, naye kashanogewa.

Ndipo akaiona picha kubwa kuliko zote. Shamba la mahindi, na katikati dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mazao. Juu ya dungu mwanamke kalala fofofo, mdomo wazi, kajifunga kanga ya kijani yenye nakshi za korosho. Chini yake nyani sita wanakula mahindi kwa raha zao.

Kanga ile Mwanahawa alikuwa ameivaa.

"Na hii, mama?" mgeni mmoja akauliza.

"Hii haina maana. Tuendelee."

Hemedy, mchoraji mwenyewe, akasogea. "Shikamoo, mama. Nilipita Mtunda na pikipiki mwezi wa tano. Sikutaka kukuamsha."

"Marahaba. Na nyani hukuwaona?"

"Niliwaona, mama. Walikuwa wametulia."

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Na wakati huohuo mumewe, Abdalah, aliyekuwa akimtafuta sokoni, akatokea mlangoni. Yeye alikuwa ameambiwa na mkewe kwamba nyani walikuja hamsini, naye akapambana nao kwa kombeo mpaka jua likazama. Abdalah akaitazama picha, akaitazama kanga, kisha akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Mama Hajira, mbona sita?"

"Wengine wako nyuma ya mahindi."

Abdalah alicheka mpaka akatafutiwa kiti.

Mgeni mmoja akainunua picha palepale. Mwanahawa akamsihi aondoke nayo leoleo, tena asipitie Mtunda. Mgeni akajibu kwamba ataiacha, itundikwe kwenye nyumba ya wajawazito ikishajengwa, iwachangamshe.

Mwanahawa akashusha pumzi. "Hemedy, mwanangu, basi walau unifunge mdomo hapo pichani."

Hemedy akamtazama aliyeinunua, akaitikiwa. Akachovya brashi, akaufunga mdomo taratibu. Mwanahawa akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa upande.

"Hapo sawa," akasema. "Sasa anafikiria."