Kipande cha Mstari Mchangani Karema

Gaudensia alikuwa akigeuza dagaa wake mchangani, pale Karema, alipokuta kipande cha mstari kimelala kati ya mchanga wake na wa jirani yake Nyanzala. Cheusi, kirefu kama boriti, kimelowa. Alikigusa, akalamba kidole. Chumvi. Ziwa letu halina chumvi, kwa hiyo kimetoka bahari ya mbali, kule ambako taifa kubwa lilichora vipande kama hivyo kwenye ramani, likasema maji yote yaliyo ndani ya mstari huo ni yake.

Habari hiyo aliijua. Mwanawe Heri alichukuliwa ubaharia kwenye meli ya uvuvi ya huko, meli ikakamatwa kwa kuvuka mstari. Sasa nchi tatu zinavutana, kila moja inasema maji ni yake, na Heri amekaa kizuizini hajui ni mfungwa wa nani.

Dagaa waliobaki ng'ambo ya kipande waligeuza vichwa wote, wakatazama mashariki.

“Mama Heri, mwenye mstari huu kasogeza jiwe,” alisema Nyanzala.

Karema kila mwanamke anazungushia mawe mchanga wake wa kuanikia. Anayesogeza jiwe la mwenzake hapelekwi kwa mtendaji. Anafagia mchanga wa wote mpaka mioyo ipoe.

“Basi mwenye mstari aitwe, aje afagie.”

“Yule ana meli za mizinga, dada. Ufagio ataujulia wapi?”

Wakacheka kidogo, wakachoka.

Wakati wa kuanua, sauti ya Heri ilitoka chini ya kipande.

“Mama, wanasema tulivuka.”

“Umekula?”

“Wali.”

“Na nini?”

“Wali tu.”

Gaudensia akachukua ufagio. Mkosaji asipokuja, ndugu yake anaweza kufagia badala yake; ndivyo ilivyo tangu zamani. Yeye si ndugu wa taifa lile, ila mwanawe amezuiliwa kwa ajili ya mstari wao, akaona huo ni undugu wa kutosha. Alifagia mchanga wa wote mpaka mgongo ukakataa kunyooka.

Kesho yake kipande kilikuwa kimesogea, kiko kwenye kizingiti cha Nyanzala. Ndani, begi la mwanae Malale, anayesubiri wakala ampeleke ubaharia, lilikuwa limegeuka, limetazama mashariki.

“Mwambie asiende,” alisema Gaudensia. “Mwambie aulize kwanza, maji hayo ya nani.”

“Nimemwambia. Anasema maji ni maji.”

“Hata Heri alisema hivyo.”

Nyanzala akaruka kipande, akaenda kuanika. Gaudensia akainama, akaanza kufagia, kuanzia mlangoni.