Kompyuta Iliyovuliwa Kitambaa

Haraka haraka ina baraka. Anayebisha na aje Kakuyuni Jumapili moja, aimbe huku akingoja maneno yatokee ukutani.

Kanisani kwao Damaris, maneno ya nyimbo yalimulikwa ukutani na kompyuta ndogo, ubao mmoja tu ndani ya kijumba cha bati, ukubwa wa kiganja. Ubeti wa pili ukitokea, kwaya ishafika wa tatu, na waumini wamebaki katikati wakimumunya maneno kama waliotia mihogo ya moto vinywani. Siku ya Pasaka kwaya ya Ganze iliwacheka hadi getini. Ndipo kamati ikakata shauri: kwenye mashindano ya leo ikikokota tena, inauzwa.

Damaris alijifunzia kila alichokijua kwenye kompyuta hiyo, na nyingine hakuwa nayo. Dawa yake aliijua pia. Kikwazo kilikuwa Mama Kyalo, mwenyekiti wa akina mama, aliyeifumia kompyuta kitambaa cheupe cha maua, kama alivyofumia redio yake, makochi yake na hata mtungi wake wa gesi.

"Hakuna kuigusa," alikuwa ameonya. "Na kitambaa hakitoki. Kitu cha kanisa hakikai uchi."

Kwake yeye uchi ulikuwa dhambi ya kila kitu. Msichana asiyefunika kichwa alimtoa akaimbie nje.

Asubuhi hiyo kamati ilipotoka kumlaki mgeni wa heshima, Damaris akaketi mbele ya kompyuta. Tevin, mpiga kinanda, akamchungulia begani.

"Wafanya nini wewe?"

"Napangusa vumbi."

"Vumbi la maandishi?"

Damaris akaendelea kubonyeza. Kwenye ukurasa mweusi wa amri alifungua faili la mipangilio, akaandika mstari mmoja: arm_freq=2000. Hayo yalikuwa mapigo ya moyo wa kompyuta, na aliyapandisha kupita alivyotaka fundi aliyeiunda. Chini yake akatia mstari wa kuiongezea umeme, maana punda anayekimbizwa huongezewa majani. Akahifadhi, akaizima, akaiwasha.

Kioo kikabaki cheusi.

"Umeiua," Tevin akasema, kwa raha ya mtu asiyehusika.

Kikawaka. Akajaribu wimbo, na beti zikapishana chapuchapu kama kuku walioona mtama.

"Sasa itapata joto," Damaris akasema. "Ikivuka nyuzi themanini inajipunguza mwendo yenyewe isijiunguze. Lazima ipate hewa."

Akakivua kitambaa, akakitandika juu ya kiti cha mgeni. Nani atashuku kiti chenye kitambaa?

Ganze waliimba kwanza, na waliimba vizuri, wachawi wale. Kisha Kakuyuni. Maneno yakawa ukutani kabla kwaya haijafungua vinywa, na kwa mara ya kwanza kanisa zima likaimba ubeti mmoja kwa wakati mmoja. Mama Kyalo alicheza na kayamba lake hadi mbele, akageuka kwa madaha, akaona maua yake meupe yakining'inia chini ya makalio ya mgeni.

"Baba, inuka kidogo."

Mgeni akainuka. Mama akachomoa kitambaa, akaenda moja kwa moja mezani, akaifunika kompyuta kwa mikono miwili kama afunikaye mtoto mchanga.

Damaris akatazama nambari za joto pembeni mwa kioo. Sabini na tatu. Sabini na tisa. Themanini na mbili. Ukutani maneno yakaanza kukokota, na Ganze wakaanza kugusana viwiko.

Akakivuta kitambaa.

"Kirudishe!" Mama Kyalo akanong'ona kwa meno.

"Mama, inapumua!"

"Ipumulie humo humo ndani!"

Mkono wa Mama ukaja. Damaris, aliyekuja kichwa wazi siku hiyo na kujibanza nyuma ya kompyuta asionekane, akakifunga kitambaa kichwani, fundo kisogoni, akaruka katikati ya kwaya akipiga vigelegele. Mama Kyalo akasimama na mkono hewani. Amvue msichana kitambaa cha kichwa madhabahuni, mgeni akitazama? Yeye? Akaurudisha mkono kwenye kayamba. Ukutani maneno yakapata pumzi, yakakimbia hadi amina.

Kombe walichukua Ganze, kwa sauti. Lakini hakuna aliyecheka, na mchungaji mwenyewe akatangaza kwamba kompyuta haiuzwi.

Halafu akamwita Damaris mbele ya kamati. Mama Kyalo alikuwa ameketi, mikono kifuani.

"Mwombe Mama Kyalo msamaha."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Enhe?"

"Kitambaa chako ni kizuri, na kinanipendeza. Nitakifua nikurudishie, ukiweke kwenye redio."

"Na msamaha?"

"Siombi."

"Damaris!" mchungaji akafoka.

"Nimesikia, Mchungaji. Siombi."