Wekundu wa Binti Nanasi

Wekundu haukutoka. Dobi alisugua tena kwa kitambaa chenye sabuni, taratibu, kama asuguavyo kola ya shati la mteja, lakini majani ya mmea yalibaki vilevile: kijani nchani, mekundu moyoni.

"Unamwogesha?" mumewe aliuliza mlangoni, mswaki mdomoni.

"Kapata doa."

"Mmea nao unapata doa?"

"Basi niambie wewe ni nini."

Alichojua mumewe ni kwamba mmea ni wa mama yake, ni ndugu ya nanasi asiyezaa nanasi, na kwamba nyumba nzima humwita Binti Nanasi.

Mama mkwe alikuwa amesafiri kwenda kumwangalia wifi aliyejifungua. Dobi alikuwa bado mgeni katika nyumba ile, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hakuwahi kuachiwa hata ufunguo wa kabati. Safari hii akaachiwa Binti Nanasi.

"Maji mtilie hapa katikati, majani yanapokutana, hiki ndicho kikombe chake," mama mkwe alimwagiza. "Si kwenye udongo, ataoza. Jua la asubuhi linamtosha."

Alitii, mpaka wekundu ulipoanza kusambaa kama rangi ya nguo mpya iliyolowekwa na nyeupe. Hapo ndipo udobi ulipomponza. Rangi ikitokea pasipo pake, dobi humwaga maji haraka. Akamwaga. Chini kikombeni akakuta vitu vidogo vya buluu vimechomoza, akadhani ni kuvu, akavikwangua kwa kijiko.

Tangu hapo Binti Nanasi akanyong'onyea. Fundi cherehani wa jirani alisema ana njaa, apewe mbolea. Muuza mkaa alisema ameshiba kupita kiasi, aachwe. Dobi alimpa mbolea, kisha akamwacha, kisha akajuta yote mawili. Na kila mama mkwe alipopiga simu, jibu lilikuwa lilelile.

"Binti yangu hajambo?"

"Hajambo, mama."

Siku aliyorudi, mama mkwe hakuvua hata viatu.

"Umemfanya nini?"

Dobi akaeleza yote, sabuni, kijiko, hata uongo wa kwenye simu. "Niliona doa, mama. Wallahi niliona doa."

Mama mkwe alipitisha kidole kikombeni, kikakutana na kovu. "Buluu, umesema?"

"Vidogo hivi. Kama vichwa vya njiti za kiberiti."

Mama mkwe akakaa sakafuni. Rafiki aliyempa mmea ule alimwambia kwamba huchanua mara moja tu maishani, na moyo ukiiva wekundu, ua la buluu liko njiani. "Nimengoja mpaka nikasahau kwamba nangoja," alisema. "Mwali anapambwa, wewe unamfuta wanja!"

Dobi alilia bila kujificha. "Sasa atakufa?"

"Angekufa tu. Akishachanua hufa polepole."

"Kwa hiyo nimemuua au sikumuua?"

"Sijui! Usiniulize maswali magumu, nimetoka safarini."

Kisha mama mkwe akayatenga majani ya nje, na pale chini, ubavuni mwa shina, palikuwa na chipukizi lenye urefu wa kiganja.

"Lete kisu. Kioshe kwanza. Kwa kuosha hatukuwezi."

Dobi hakujua acheke au alie zaidi. Alileta kisu, na sinia la vipande vya mkaa na makumbi ya nazi kama alivyoagizwa, kwa kuwa udongo mzito ungelikaba chipukizi. Akamnyooshea mama mkwe kisu. Mama mkwe hakukipokea.

"Kata wewe. Hapo, karibu na mama yake. Usiharakishe."

Dobi alimtazama usoni. Alitafuta kama amesamehewa au anaadhibiwa, hakuona dalili ya hili wala lile. Akainama, akakata.

Chipukizi likamlalia kiganjani, jepesi kuliko alivyotazamia. Lilikuwa tayari na kikombe chake, na ndani mlikuwa na maji kidogo, hayazidi kifuniko cha soda. Hakukumbuka kuyatia.

"Lishike wima," mama mkwe alisema, akinyanyuka kutafuta kopo. "Hayo usiyamwage."

Dobi alibaki amesimama katikati ya chumba, akiyatazama maji, akiogopa hata kupumua.