Kilo Mia na Nane

Kufikia siku ya kunyanyua vyuma, timu ya taifa ilikuwa imeshindwa katika michezo yote mingine, kila mmoja kwa namna yake. Waogeleaji walitolewa kwenye mchujo. Bondia alianza vizuri, akapasuka juu ya jicho, daktari akamaliza pambano. Wasichana wa mpira wa mikono walifungwa mabao mengi hadi kipa akaomba apumzishwe, kocha akamwambia hana wa kumpumzisha naye. Mwendesha baiskeli alipata pancha. Mkimbiaji wa mbio ndefu, ambaye magazeti ya nyumbani yalikuwa yamekwisha kumvisha dhahabu kabla hajapanda ndege, aliumwa tumbo la kuendesha akaishia kando ya barabara, amechuchumaa.

Majirani, yaani timu ya nchi ya ng'ambo ya mpaka, walikuwa wanashinda tu. Wimbo wao wa taifa ulipigwa mara nyingi mpaka wapishi wa bwalo wakawa wanaupiga mluzi huku wakipakua. Wanamichezo wao walipanga foleni ya chakula na medali shingoni, kana kwamba vijiko vingegoma bila hizo.

"Nyie mmekuja kutalii?" mmoja wao aliuliza asubuhi hiyo. "Basi tutumieni picha."

 Mwanamke mmoja mnene, mwenye viganja vigumu kama soli, alimtazama kijana yule kwa utulivu mpaka akahama meza. Huyo ndiye kocha wa kunyanyua vyuma. Timu nzima ilimwita Mama Vyuma.

Mkuu wa Msafara alimfuata mezani, akavuta kiti.

"Mama, nakuomba kitu kimoja. Shaba. Sitaki dhahabu, sitaki makuu. Nikishuka kwenye ndege mikono mitupu watanitafuna mzimamzima."

"Shaba ipo," alisema Mama Vyuma. "Nyundo anaiweza."

"Haya, usinifanyie majaribio. Chukua yenye uhakika."

"Nimesikia."

Nyundo alikuwa mtoto wa mdogo wake, msichana wa miaka kumi na tisa, mfupi, mwenye mapaja ya kuaminika. Mama Vyuma ndiye aliyemfundisha tangu akiwa anaburuta ndoo za maji. Alimjua kama mtu anavyojua mlango wa kwake, kwamba ukisukuma hapa unafunguka, pale unagoma. Alijua kuwa kilo mia na nane Nyundo anazinyanyua hata akiwa na mafua. Mia na kumi na mbili hajawahi kuzifikisha juu hata siku moja.

Kocha wa majirani alikuwa kaka yake Mama Vyuma, baba mmoja, mama mmoja.

Walijifunza kunyanyua pamoja, nyuma ya karakana ya baba yao aliyekuwa mchomeleaji. Chuma chao cha kwanza kilikuwa ekseli ya lori yenye magurudumu ya trekta. Baba alikuwa na sharti moja tu. Ukishataja uzito, unaunyanyua huohuo. Hakuna kuongeza kwa sifa, hakuna kupunguza kwa woga. Aliyetaja akabadilisha hakugusa chuma mwezi mzima. Walikua hivyo, na sharti lile likawaingia kama jina.

Kisha ikaja siku ya kuchagua timu ya taifa. Kaka ndiye alikuwa kocha wake. Mama Vyuma alitaja uzito wa kuanzia, kaka akaenda kwenye meza ya msimamizi kuuandikisha. Alipopanda jukwaani alikuta chuma kizito kuliko alichotaja. Akajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika mchezo ule uzito haushuki, unapanda tu. Ukianza pabaya huna pa kurudi. Ukikosa mara zote tatu huna matokeo, jina lako linafutwa kana kwamba hukuja. Nafasi ilikwenda kwa aliyemfuata, ambaye alikuwa mchumba wa kaka yake.

"Niliona unaweza," kaka alisema.

Nyumbani wote walimwambia aachane nayo, kwani ni kaka yako. Akaachana nayo kwa mdomo. Kaka akaoa mchumba yule, akapata kazi kwa majirani, akahamia huko. Mama Vyuma akabaki, akasoma peke yake vitabu vya mazoezi vilivyochanika majalada, akafundisha watoto wa watu. Hakuwa mtu wa kulia wala kusema. Kinyongo chake hakikumnyima chakula. Alikuwa nacho tu, kama mtu mwenye jino bovu anayetafunia upande wa pili.

Chumba cha kupashia misuli kilinuka dawa ya kuchua na chaki. Ukutani kulikuwa na skrini yenye majina na uzito ambao kila mmoja ameandikisha. Kaka alikuja na taulo begani, kitambi kikiwa kimetangulia.

"Dada."

"Kaka."

"Nasikia mwaka huu mnakula hewa."

"Hewa ya huku nzuri."

Akacheka, akamgeukia Nyundo. "Huyu ndiye mtoto wa mdogo wetu? Mbona husalimii? Mjomba wako mimi."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mgongo unao. Tatizo lako kocha, muoga wa kilo."

Nyuma yake alisimama msichana mrefu kidogo, ambaye wenzake walimwita Kimya kwa sababu alinyanyua bila kupiga kelele. Alikuwa binti wa kaka. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," alisema Mama Vyuma, na hakumtazama usoni, maana uso ule ulikuwa wa mama yao mtupu.

Sehemu ya kwanza ya mashindano, ya kunyakua chuma kwa mkupuo mmoja, ilipita bila ajabu. Kimya aliongoza wengi, Nyundo akawa nyuma kidogo. Ikaja sehemu ya pili, ya kuleta chuma kifuani kwanza halafu kukisukuma juu. Nyundo alikamilisha mara mbili za mwanzo na akawa wa nne. Akaandikisha kilo mia na nane kwa mara yake ya mwisho. Akizinyanyua, shaba ni yake, hata Kimya afanye nini.

Kimya alikuwa bado hajaanza. Baba yake alikuwa amemwandikishia kuanza na kilo hizohizo mia na nane. Akapanda, chuma kikaanguka mbele. Akapanda tena, kikaanguka nyuma.

Mama Vyuma alitazama haya yote akiwa amesimama karibu na meza ya msimamizi, mikono nyuma. Kimya alibakiwa na mara moja. Akikosa, anafutwa. Kwa kanuni, mwenye kilo ndogo hutangulia, na kilo zikilingana hutangulia aliyepumzika zaidi, hivyo sasa ilikuwa zamu ya Nyundo, kisha Kimya. Alimwona kaka akimlaza binti yake kwenye benchi, akimfungua mkanda, akimwinua miguu, akimwambia avute pumzi taratibu. Kaka alikuwa na haki ya kutulia. Mbele yao kulikuwa na Nyundo na muda wa kupumua. Dada yake alikuwa ametaja mia na nane, na katika maisha yao dada yake hakuwahi kutaja akabadilisha.

Nje jina la Nyundo likaitwa. Saa ikaanza kuhesabu. Nyundo alikuwa kwenye ndoo ya chaki, anajipaka mikono na kunong'ona yake.

Mama Vyuma akaiangalia saa ikila sekunde zake. Kisha akainama mezani.

"Badilisha. Mia na kumi na mbili."

Msimamizi alimtazama. "Una uhakika?"

"Andika."

Akasaini. Skrini ikapepesa, jina la Nyundo likashuka chini, la Kimya likapanda juu. Kipaza sauti kikamwita Kimya, dakika moja.

Kaka aliruka kutoka benchini. "Nini? Nani? Mkanda! Mkanda uko wapi?" Mkanda ulikuwa umeangukia nyuma ya benchi. Kimya akainuka akiwa bado mlegevu kama aliyeamshwa, akavuta kiatu kimoja kilicholegezwa, akakimbia kwenye korido huku baba yake akimfunga mkanda kwa nyuma kama anayefunga mzigo. Walipita mbele ya Mama Vyuma. Kaka akageuza shingo.

"Dada!"

"Nimeona mnaweza," alisema.

Mama Vyuma aliwafuata hadi mlango wa ukumbi, akaona yote. Kimya alifika kwenye chuma akihema. Alikileta kifuani, akasimama nacho, goti likamcheza. Hakukisukuma. Kilimponyoka na kudunda, na taa tatu nyekundu zikawaka. Kwenye ubao mkubwa, mbele ya jina lake, palibaki patupu.

Mama Vyuma alihisi furaha. Haitakuwa haki kusema vinginevyo. Alisimama pale akaionja yote, kama alivyoingoja.

"Mama Mkubwa." Nyundo alikuwa nyuma yake, viganja vyeupe vimening'inia. "Mbona ameitwa yule? Umebadilisha?"

"Ndiyo."

"Ngapi?"

"Mia na kumi na mbili. Ukizipata ni fedha."

"Sijawahi kuzipata."

"Niliona..." alianza Mama Vyuma, halafu akanyamaza.

Nyundo alimtazama kidogo tu, kwa sababu jina lake lilikuwa linaitwa. Akaenda. Alipambana, hakuna atakayesema hakupambana. Alikifikisha chuma kifuani, akainuka nacho huku shingo imejaa mishipa, ukumbi mzima ukimsukuma kwa kelele. Akakirusha juu. Kwa muda kilikaa pale, juu ya kichwa chake. Kisha kiwiko cha kushoto kikakunjika. Taa nyekundu, nyekundu, nyekundu.

Aliyekuwa wa tatu akabaki na shaba yake. Nyundo, wa nne.

Mkuu wa Msafara alimkuta Mama Vyuma kwenye korido.

"Shaba ilikuwa mkononi! Mkononi, mama! Nilikuambia nini asubuhi?" Sauti yake ilipasuka. "Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Nitakutaja kwa jina. Uwanja wa ndege palepale, mbele ya kamera."

"Nitaje."

Akaondoka akipepea mikono. Kaka alikuwa ameketi kwenye benchi lake la awali, taulo kichwani. Kimya alikuwa amegeukia ukuta, mabega yakimtikisika bila sauti. Mama Vyuma alipopita, kaka aliinua taulo.

"Ni mwanangu, dada. Kama ni mimi, ungenipiga mimi."

"Na mimi siku ile nilikuwa mtoto wa nani?"

 Kaka akarudisha taulo kichwani.

Nyundo alikuwa kwenye kiti cha plastiki mwisho wa chumba, bado amefunga mkanda. Mama Vyuma akasimama mbele yake na chupa ya maji. Msichana hakuipokea.

"Hii ndiyo ile stori ya mjomba?" aliuliza. "Mama alinisimulia. Alisema siku ile ulipanda bila kujua kuna kilo ngapi."

"Ni kweli."

"Mimi angalau nimejua mlangoni."

Mama Vyuma akaweka chupa sakafuni.

"Ulimfanya nini ulipotoka jukwaani? Ulimtukana?"

"Hapana. Sikumfanya kitu. Nilingoja."

Nyundo akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeelekezwa njia na kuielewa.

"Basi na mimi nitangoja, Mama Mkubwa. Bado mdogo, muda ninao." Alisema bila hasira, kwa sauti ileile aliyokuwa akiulizia ratiba ya mazoezi.

Kisha akamnyooshea mikono miwili yenye bandeji ngumu za viganja, afunguliwe, maana mwenyewe hangeweza. Mama Vyuma akapiga goti sakafuni, akatafuta ncha, akaanza kufungua. Msichana alimtazama utosini mpaka alipomaliza.