Ng'ombe Asiye na Mabaka

Tik. Tik. Tik.

Nyanjige aliisikia sauti hiyo akiwa bado barazani, anapukuta miguuni vumbi la kijijini kwake Ngulyati, na moyo ukamlipuka. Mshonaji haulizi hiyo ni sauti ya nini. Ni wembe unakata nyuzi za mtu.

Aliingia bila hodi. Sebuleni kwa Bi Rehana kitambaa kilikuwa kimetandazwa mkekani, vipande vya marekani vilivyoungwa hadi upana wa ukuta wa ghala. Mji wote wa Bariadi ulichorwa humo kwa sindano, kazi ya wanawake kumi na wawili kwa miezi mitano. Kinu cha pamba alichokishona Dorkasi kilitoa moshi. Mtoni, korongo wa Benadetha walisimama kwa mguu mmoja mmoja, na nyumbu wakivuka nyuma yao. Kati ya mto na maduka, penye picha ya mnada wa ng'ombe, Bi Rehana alikuwa amepiga magoti, anamfumua ng'ombe aliyeshonwa na Nyanjige. Shingo ilikwisha kwenda. Alikuwa amefika mgongoni.

"Rehana! Amekukosea nini?"

"Karibu, mayu," alisema Rehana, akimwita mama kwa Kisukuma. " Usinikasirikie. Hana kosa. Ndiyo taabu yenyewe."

Jana yake wanaume walikuja kukitazama kitambaa. Mzee Mayala akanyoosha kidole: "Huyu si ng'ombe wa Luhaga?" Mweupe, masikio meusi, ubavuni baka jeusi kama jani la tumbaku. Nani asingemjua? Mwaka juzi makarani walipokuja na amri ya kupunguza mifugo, walimwandika kuwa wa kuuzwa. Luhaga, mume wa Nyanjige, akamswaga mwenyewe mpaka mnadani, na tangu siku ile hajamtaja. Basi jana kila mwanamume akaanza kumtaja wa kwake aliyeuzwa, sauti zikapanda mpaka barabarani. Na Jumamosi Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, anakuja kufungua ukumbi wa ushirika, ambako kitambaa kitatundikwa.

"Mume wangu anaogopa Bwana Shauri asije akaona ni lawama," alisema Rehana. "Anasema tushone ng'ombe wa kahawia wote. Uzi upo bunda zima."

"Wa kahawia, wa nani?"

"Wa Bariadi."

"Hakuna ng'ombe wa Bariadi! Kuna wa Luhaga, kuna wa Mayala, kuna wa mama Kwandu. Ng'ombe asiye na mabaka, hata fisi atauliza ni wa nani."

Benadetha, aliyekaa ukutani na Dorkasi, aliangua kicheko, kisha akajifanya anatafuta sindano.

"Na maduka je?" Nyanjige hakutulia. "Mbona nayo hamkuyashona ya kahawia? Bango la duka la Ramadhani linasomeka hata kwangu mimi nisiyejua kusoma!"

Rehana aliinamisha uso. "Wewe jioni utarudi Ngulyati. Sisi ndio tunaobaki na Bwana Shauri mlangoni."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma Nyanjige. Angetukanwa angejua la kujibu. Aliunyoosha mkono, akapewa wembe. Rehana akadhani anataka kumalizia mwenyewe. Nyanjige akapiga magoti, akaufuata mshono uliounga kipande cha mnada na vingine, polepole, bila kugusa hata uzi mmoja wa mwenzake. Kipande kilipoachia alikikunja, akakitia kwapani. Katikati ya mto na maduka likabaki shimo, na ndani yake mkeka.

"Nyanjige! Jumamosi tutatundika nini?"

"Bunda la kahawia."

Alikuwa amekwisha kukipita kichochoro cha nyuma ya maduka aliposikia anaitwa. Dorkasi, yule ambaye miezi mitano yote hakuwahi kupinga neno la mtu, alikuja anahema.

"Wa baba yangu alikuwa mwekundu," alisema. "Pembe moja imeangalia chini. Na hapa," akagusa paji la uso wake mwenyewe, "baka jeupe pe. Walimwandika wa kwanza."

Mkono ulibaki pale pale usoni.

Nyanjige alikitoa kipande kwapani.

"Njoo kwangu kesho, mdogo wangu, unionyeshe ile pembe ilivyopinda. Nitamshona kando ya wangu. Uzi mwekundu ukipungua, nitachomoa wa shuka langu hili. Nakuahidi."