Sauti ya Mfalme Mwoka Mikate

Filamu ile ilitengenezwa Praha mwaka 1931, siku sinema zilipokuwa ndiyo kwanza zimeanza kusema. Ilichekesha watu majuma mawili, ikasahaulika. Ilimhusu mwoka mikate aliyefananishwa na mfalme wa nchi jirani, akavikwa taji kabla hajawahi kukana. Sisi wa hifadhi ya filamu tulibaki na picha bila sauti, maana sauti yake ilikuwa kwenye santuri, na santuri zilipotea. Zikaja kuonekana mwaka 1994, darini mwa baa moja katika mji wa Kolín, zimefungwa kwa magazeti.

Mwoka mikate aliigizwa na Alois Hruška, aliyekufa kwa kichomi mwaka mmoja baada ya filamu hiyo, akaacha binti wa miaka miwili. Nikamtafuta huyo binti. Bi Drahomíra alikuwa sasa mwalimu mstaafu mwenye mvi.

“Mwanangu, baba namjua kwa picha tu,” aliniambia. “Mama alisema alikuwa na kigugumizi, hata kuagiza bia ilikuwa shughuli. Sasa kwenye sinema aliongeaje?”

Nikamwalika ukumbini kwetu aje asikie mwenyewe.

Zbyněk, fundi wetu wa mashine ya sinema, alimketisha mstari wa mbele. “Mama, mzee akiboronga usinilaumu. Mimi nawasha tu.”

“Washa basi, maneno mengi ya nini!”

Santuri ikakwaruza. Kwenye pazia, wakuu wa baraza wakamwomba mfalme awahutubie. Hruška akafungua kinywa, maneno yakakwama.

“Ra… ra… raia wangu!”

Wakuu wakatazamana. Wakadhani ndivyo wafalme wasemavyo, wakainama wote: “Mf… mf… mfalme wetu!”

Bi Drahomíra alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akajisogeza ukingoni mwa kiti asikilize. Sauti ile nzito iliendelea, ikijikwaa na kuinuka, ikiwaeleza mabwana wenye nishani namna ya kukanda unga alfajiri, na hakuna aliyeikatiza.

“Ndiye,” alinong’ona. “Hawakukificha kigugumizi chake. Wamemwacha aongee.”

Hotuba ilipokwisha, baraza zima kwenye pazia likasimama. Bi Drahomíra naye akasimama, koti likimdondoka miguuni. Nikasikia kiti changu kikijikunja nyuma yangu. Nami nilikuwa nimesimama. Nikageuka. Kwenye kidirisha cha mashine, Zbyněk alikuwa amevua kofia.

Hakuna aliyeketi mpaka mkanda ulipokwisha.